Jiji Linapofunguliwa Tena: Namna ya Kuzunguka Bila Kubahatisha

Tangazo la kulegeza masharti huwaambia watu mambo mawili: nini kimeruhusiwa, na kuanzia siku gani. Halimwambii mtu basi lipi lina hewa nzito, maji ya bomba la ofisini yamelala siku ngapi, wala kama treni ya saa moja asubuhi bado ipo kwenye ratiba. Hayo inabidi uyatafute mwenyewe. Mwongozo huu ni wa wiki hizo za katikati, jiji likiwa limefunguliwa nusu na virusi bado vinazunguka. Mifano mingi ni ya Uviko-19, ila kanuni zake zinafaa kwa ugonjwa wowote unaoenea kwa njia ya hewa.

Hakuna anayeweza kuwa macho kwa kila kitu siku nzima. Uangalifu huchosha, na mtu aliyechoka hulegeza hata pale asipotakiwa. Kwa hiyo elekeza nguvu zako kwenye hewa unayoivuta pamoja na wengine ndani ya nafasi iliyofungwa. Mengine yote yanafuata nyuma ya hilo, na baadhi yako nyuma sana.

Sheria zina ngazi tatu

Masharti hayaondoki yote kwa mkupuo. Kuna ya serikali kuu, kuna ya jiji au jimbo, na kuna ya mwenye chombo au jengo unaloingia. Ngazi moja ikilegeza, nyingine inaweza kukaza. Tarehe 19 Julai 2021 masharti mengi ya kisheria yaliondolewa England, lakini mamlaka ya usafiri ya London iliendelea kudai barakoa kwenye treni na mabasi yake hadi Februari 2022. Nchini Marekani, jaji wa mahakama ya shirikisho alifuta agizo la barakoa kwenye vyombo vya usafiri wa umma tarehe 18 Aprili 2022, na bado abiria wa treni za chini ya ardhi jijini New York walitakiwa kuzivaa hadi Septemba mwaka huo. Anayetegemea vichwa vya habari peke yake hufika kituoni akarudishwa mlangoni.

Jioni kabla ya safari, fungua ukurasa wa serikali, wa mamlaka ya usafiri na wa mahali uendako. Tazama tarehe ya mwisho ya kusasishwa. Ukurasa usio na tarehe usiutegemee. Likitajwa sharti lolote la kuingilia, piga picha ya skrini, maana mtandao hukatika hasa pale kwenye foleni. Kurasa hizo zikipingana, fuata yenye sharti kali kuliko zote. Angalia pia kama ofisi unayokwenda inapokea watu bila miadi, kwa kuwa nyingi hubaki na utaratibu wa miadi miezi kadhaa baada ya milango kufunguliwa, na mlinzi hana mamlaka ya kukuingiza hata ukimsihi vipi.

Hewa

Mtu anapopumua, kuongea, kuimba au kukohoa hutoa matone ya ukubwa tofauti. Makubwa huanguka sakafuni ndani ya sekunde chache. Madogo huelea kwa dakika nyingi, wakati mwingine saa kadhaa, na hutanda chumba kizima kama moshi wa sigara. Ukitaka kujua ukae wapi, jiulize: mtu akivuta sigara hapa, moshi wake utanifikia? Mamlaka za afya zilichelewa kulikubali hili. Julai 2020 wanasayansi 239 waliunga mkono barua ya Lidia Morawska na Donald Milton iliyotaka maambukizi ya njia ya hewa yapewe uzito unaostahili.

Matukio mawili ya mwanzo yanaonyesha kinachotokea. Tarehe 24 Januari 2020, katika mgahawa usio na madirisha jijini Guangzhou, familia tatu zilizoketi meza za jirani ziliambukizwa, jumla watu 10. Kiyoyozi kilikuwa kikizungusha hewa ileile juu ya meza hizo tatu. Wahudumu na wateja wa meza nyingine hawakuambukizwa. Kisha Machi 10 mwaka huo, kwaya moja ya wilaya ya Skagit, jimbo la Washington, ilifanya mazoezi ya saa mbili na nusu. Kati ya watu 61 waliohudhuria, 53 walihesabiwa kuwa wagonjwa, ama kwa kipimo ama kwa dalili. Mgahawa unatufundisha kwamba mkondo wa hewa una uzito kuliko umbali mtupu. Kwaya inatufundisha habari ya muda na sauti.

Basi kila unapoingia mahali pima mambo manne: hewa mpya inaingia kutoka wapi, watu ni wangapi, utakaa muda gani, na watu wanatumia sauti kiasi gani. Benki yenye foleni kimya ya dakika kumi na ukumbi wenye muziki unaowalazimu watu kupaza sauti kwa saa tatu haviwezi kuwekwa fungu moja, hata kama idadi ya watu ni ileile.

Hewa inaweza kupimwa. Kipima hewa ukaa, yaani kaboni dioksaidi, huonyesha ni kiasi gani cha hewa chumbani kimeshapita kwenye mapafu ya watu. Nje kuna takriban sehemu 420 katika kila milioni. Pumzi itokayo kifuani ina kama 40,000. Kipimo kikisoma 1,200, toa 420 kisha gawanya kwa 40,000: utapata karibu asilimia mbili. Maana yake, katika kila pumzi hamsini unazovuta, moja nzima ni pumzi iliyokwisha kutoka kwa mtu mwingine. Chini ya 800 chumba kina hewa nzuri. Kati ya 800 na 1,200, fupisha muda au vaa barakoa. Ikipita 1,500, toka kama huna shughuli ya lazima.

Ukinunua kifaa hiki, hakikisha kinapima kwa mwanga wa infraredi. Vile vya bei rahisi mno hukisia hewa ukaa kwa kunusa gesi nyingine, na husoma juu mtu akipulizia manukato. Kipeleke nje kwa dakika kumi. Kisiposoma karibu na 420, kisawazishe kwa kufuata maelezo yake. Ndani, kiweke mbali na uso wako na mbali na dirisha, usubiri kama dakika tano kabla ya kuamini namba. Kifaa hiki kina upofu wake pia. Chumba chenye mashine ya kuchuja hewa kinaweza kusoma 1,300 na kikawa salama kiasi, kwa sababu kichujio hukamata virusi na kuiacha hewa ukaa ipite. Na chumba cha watu wawili kinaweza kusoma 600 huku mmoja wao, aliye mgonjwa, ameketi mbele yako.

Usipokuwa na kifaa, tumia macho na pua. Vioo vyenye ukungu, harufu ya chakula cha saa tatu zilizopita, joto la miili mlangoni: vyote ni dalili kwamba hewa haitoki. Dari ndefu na milango miwili inayotazamana ni dalili njema. Kiyoyozi cha ukutani kisikudanganye. Aina nyingi hupoza hewa ileile ya ndani na kuirudisha, hazivuti hata pumzi moja kutoka nje. Ubaridi na hewa mpya ni vitu viwili tofauti.

Nyumbani au ofisini, fungua madirisha ya pande mbili zinazotazamana, hata upana wa kiganja. Kama dirisha ni moja tu, weka feni ikielekea nje ili isukume hewa chafu itoke, na uache mlango wazi hewa nyingine iingie. Ukinunua mashine ya kuchuja, usinunue kwa kuangalia ukubwa wa boksi. Piga hesabu. Chumba cha mita 4 kwa 5 chenye dari ya mita 2.5 kina mita za ujazo 50. Lengo lililowekwa na kituo cha udhibiti wa magonjwa cha Marekani, CDC, mwaka 2023 ni hewa kubadilishwa mara 5 kwa saa au zaidi, kwa hiyo unahitaji mashine inayotoa angalau mita za ujazo 250 za hewa safi kwa saa. Kiwango hicho watengenezaji hukipima mashine ikiwa kwenye mwendo wa juu kabisa, ambao una kelele, na watu huishia kuizima. Nunua iliyozidi mahitaji yako kidogo, uiendeshe kwa mwendo wa kati.

Barakoa: inapobana ndipo inapofanya kazi

Barakoa ya N95 huchuja angalau asilimia 95 ya chembe ndogo zilizo ngumu kukamatwa. FFP2, ya kiwango cha Ulaya, huchuja angalau 94. Namba hizo ni za kitambaa chenyewe. Hewa ikipita pembeni ya pua, hukuchuja kitu. Ndiyo maana yenye mikanda miwili ya kuzunguka kichwa kwa kawaida hukaa vizuri kuliko ya masikioni.

Vaa hivi: weka kidevu kwanza, vuta mkanda wa juu upite utosini na wa chini upite shingoni chini ya masikio, kisha kandamiza waya wa pua kwa vidole viwili vya mikono yote miwili, ukianzia katikati kwenda pembeni. Ukiminya kwa mkono mmoja waya hufanya ncha, na hewa hupita hapo. Funika barakoa kwa viganja bila kuisogeza, pumua kwa nguvu. Ukisikia upepo machoni, rekebisha pua. Ukiusikia mashavuni, rekebisha mikanda. Miwani inayoingia ukungu inakupa taarifa hiyohiyo. Ndevu nene huzuia barakoa kushika ngozi, na hakuna mbinu ya kulikwepa hilo.

Unaweza kuivaa tena. Iache ikauke ndani ya mfuko wa karatasi, uwe na mbili au tatu za kupokezana. Usiifue wala kuipulizia alkoholi, kwa sababu nyuzi zake zimetiwa chaji ya umeme inayonasa chembe, na chaji hiyo hufa ikiguswa na vitu hivyo. Itupe ikilowa, ikichanika au mikanda ikilegea. Zile zenye kidude cha plastiki cha kutolea pumzi humlinda mvaaji na kumwacha jirani, hivyo ziache kama una mafua au unakwenda kumwona mgonjwa.

Masharti yakishalegezwa, si lazima uishi ndani ya barakoa. Ivae kwenye jukwaa la chini ya ardhi, ndani ya treni iliyojaa, kwenye lifti, kwenye duka la dawa ambako wagonjwa ndio wateja, na kwenye chumba cha kusubiria daktari. Ivue barabarani na bustanini.

Kupanda chombo

Ratiba haziamki siku moja na masharti. Madereva wengine wameondoka, wengine wanauguza, na njia zenye abiria wachache hurudishwa mwisho. Usitegemee kumbukumbu yako ya zamani. Tazama ratiba ya siku hiyohiyo, na zaidi ya yote tazama chombo cha mwisho cha usiku, maana ndicho hupunguzwa kwanza na kurudishwa mwisho. Hakikisha kadi yako ya usafiri bado inafanya kazi: kadi zisizotumika muda mrefu hufungwa, na tiketi za mwezi huisha hata kama hukuzitumia. Ulizia kama kuna fidia na mwisho wake wa kuombwa. Mabasi mengi yaliacha kupokea pesa taslimu wakati wa janga na hayakurudi nyuma, hivyo beba njia mbili za kulipa.

Saa ya kuondoka ina faida kuliko sehemu ya kuketi. Kusogeza safari kwa dakika 40 kabla au baada ya kilele cha asubuhi kunaweza kukutoa kwenye kubanana mabega hadi kupata kiti chenye nafasi. Kumbuka kwamba kilele chenyewe kimehama. Ofisi nyingi zilipoanza kuwaruhusu watu kufanya kazi nyumbani siku kadhaa, Jumanne hadi Alhamisi zikawa nzito, Jumatatu na Ijumaa zikapungua. Kama mwajiri anakupa nafasi ya kuchagua siku za kufika, chagua hizo za pembeni.

Kwenye jukwaa la treni watu husimama karibu na ngazi waliyoshukia, kwa hiyo mabehewa yanayosimama hapo hujaa kwanza. Tembea hadi mwisho wa jukwaa. Ndani, simama karibu na mlango unaofunguka mara nyingi, au keti kwenye kiti cha dirisha linalofunguka. Ndani ya basi, fungua dirisha la mbele na la nyuma kabla ya yale ya katikati, ili hewa ipite urefu wote wa basi. Abiria mmoja akilalamika baridi, punguza upana wa uwazi na uache madirisha yote mawili wazi. Kufunga moja kabisa hukata mkondo wote.

Kwenye teksi, keti kiti cha nyuma upande usio wa dereva. Kisha fungua dirisha la nyuma lililo nyuma ya dereva, na la mbele upande wa abiria. Watu wengi hufungua lile lililo karibu nao, na inaonekana ndiyo busara, lakini gari likienda hewa huelekea kuingia kwa dirisha la nyuma na kutoka kwa la mbele; ukifungua mawili yanayokingamana, mkondo unapita kati yako na dereva. Kama mvua inanyesha, mwombe dereva azime kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani ili mfumo uvute ya nje. Ni alama ya gari yenye mshale uliojikunja ndani yake; taa yake ikiwaka, mnavuta hewa ileile.

Lifti ina hewa mbaya na safari fupi. Vaa barakoa, usiongee, na kwa ghorofa tatu au nne tumia ngazi kama miguu inaruhusu.

Baiskeli na gari lililolala

Wengi hurudi mjini kwa baiskeli iliyokaa stoo, na hapo ajali hutokea kwa sababu ndogo. Matairi hupoteza upepo hata yasipotembea. Jaza kufikia kiwango kilichochapishwa ubavuni mwa tairi, kisha kunja mpira kwa kidole utafute nyufa. Bana breki: mkono wa breki ukigusa usukani, kamba imelegea au mipira imekwisha. Tia cheni mafuta, tone moja kila pingili, subiri dakika chache, kisha futa yaliyozidi, maana mafuta ya nje hukusanya mchanga na mchanga hula meno ya gia. Maliza kwa kuinua gurudumu la mbele na kuliachia lidunde chini. Mlio wowote wa kugonga maana yake kuna nati iliyolegea.

Gari lililoegeshwa wiki kadhaa huwa na betri dhaifu. Betri ya kawaida ya volti 12 iliyojaa husoma kama 12.6 gari likiwa limezimwa. Ikisoma chini ya 12.4 ichaji, ikifika 12.0 imekwisha karibu yote. Ukiwasha kwa kuunganisha na gari jingine, nyaya zifuate mpangilio huu: nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, ncha ya pili kwenye chanya ya betri nzima, nyeusi kwenye hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho kwenye chuma kitupu cha injini ya gari bovu, mbali na betri, kwa sababu cheche ikiruka juu ya betri inaweza kuwasha gesi inayotoka humo. Kisha endesha nusu saa au zaidi. Kuzunguka mtaa mmoja hakurudishi kilichotumika kuwashia. Mkwaruzo wa breki mara za kwanza ni kutu juu ya diski na huisha yenyewe. Usipoisha baada ya kusimama mara kumi hivi, mwone fundi.

Maji yaliyolala

Hili husahaulika, na ni la hatari kweli. Maji yaliyosimama kwenye mabomba ya jengo kwa wiki kadhaa hupoteza klorini, na kati ya nyuzi joto 25 na 45 bakteria wa Legionella huzaliana humo. Huingia kifuani kwa mvuke na manyunyu, hasa ya bafuni, na kuleta kichomi kikali. Ugonjwa wenyewe ulitambuliwa baada ya mlipuko wa mwaka 1976 jijini Philadelphia. Mabomba hayohayo yanaweza pia kuachia madini ya risasi na shaba ndani ya maji.

Kabla watu hawajarudi kwenye nyumba, ofisi au chumba cha kupanga kilichofungwa:

1. Fungua madirisha, vaa barakoa ya N95. Mwenye ugonjwa wa mapafu, mwenye kinga dhaifu, au mvutaji sigara aliyepita miaka 50 asiifanye kazi hii.
2. Fungua vichujio vidogo vya midomo ya mabomba, uvioshe.
3. Pandisha joto la tangi la maji ya moto lifike angalau nyuzi 60, na uwaonye watu, kwa kuwa maji ya joto hilo huunguza ngozi kwa sekunde chache.
4. Anza na maji ya baridi kwenye bomba lililo karibu na mahali maji yanapoingilia, ukielekea la mbali zaidi. Yaache yatiririke hadi joto lake lisibadilike tena.
5. Rudia kwa maji ya moto, hadi yafikie joto lake la juu.
6. Bafuni, fungua kichwa cha manyunyu au kifunge ndani ya mfuko wenye tundu, maji yashuke bila kutawanyika.
7. Mwaga lita moja ya maji kwenye kila tundu la sakafuni. Maji ya kizuizi cha chini yakikauka, hewa ya mfereji wa maji taka hupanda chumbani.

Usinywe maji ya mwanzo, na usidhani kuyachemsha kutasaidia: kuchemsha huua vijidudu, hakuondoi risasi. Kwenye jengo kubwa, mwulize msimamizi kazi hii imefanyika lini na nani aliifanya. Una haki ya kuuliza.

Mikono na vitasa

Kwa Uviko-19, kuambukizwa kwa kugusa vitu kuligundulika kuwa nadra, na CDC ilisema hivyo Aprili 2021. Osha mikono kwa sabuni sekunde 20 ukifika na kabla ya kula. Inakukinga na mengine mengi. Kitakasa mikono kiwe na alkoholi asilimia 60 au zaidi, na chupa isiyoandikwa aina ya alkoholi iache dukani, kwani baadhi zimewahi kupatikana na methanoli, ambayo ni sumu. Meza na vitasa vinatosha kufutwa kwa sabuni. Mtu akiugua ndani, changanya mililita 20 za dawa ya klorini ya asilimia 5 na mililita 980 za maji, utumie siku hiyohiyo. Usiichanganye kamwe na siki, amonia wala dawa nyingine ya chooni, maana gesi yake huumiza mapafu.

Safari ya mbali

Masharti ya mipaka hubadilika haraka kuliko tiketi. Tarehe 2 Desemba 2021 Marekani ilitangaza kwamba kipimo cha kuingilia kwa ndege kitakuwa cha siku moja kabla ya safari badala ya tatu, kuanzia Desemba 6. Kwa hiyo soma masharti siku unayokata tiketi, wiki moja kabla, na asubuhi ya kuondoka, ukisoma ya nchi uendako na ya kila uwanja unaobadilishia ndege. Panaposemwa "saa 72", tafuta zinahesabiwa tangu sampuli ilipochukuliwa au tangu majibu yalipotolewa, na hadi kuondoka au hadi kutua. Hapo ndipo watu wengi hukwama. Jina kwenye cheti liwe herufi kwa herufi kama la pasipoti. Aliyepona karibuni ajue kwamba kipimo cha PCR, kile cha maabara kinachotafuta vinasaba vya virusi, kinaweza kuonyesha virusi kwa wiki nyingi baada ya kupona. Aulize mapema kama cheti cha kupona kinakubalika. Pasipoti nayo itazame leo, kwa sababu nchi nyingi hutaka iwe na miezi sita mbele, na foleni za kuihuisha hufurika mipaka ikifunguka.

Ndani ya ndege iliyo angani, hewa hubadilishwa mara 20 hadi 30 kwa saa, sehemu ikitoka nje na sehemu ikipita kwenye vichujio vya HEPA, vinavyonasa chembe ndogo sana. Hatari kubwa iko pembeni ya safari: foleni ya ukaguzi, basi la kwenda kwenye ndege, na dakika zile ndege imesimama mitambo ya hewa ikiwa imepunguzwa. Vaa barakoa hapo, na elekeza tundu la hewa la juu ya kiti usoni pako. Ukila, ngoja majirani wamalize na kuvaa zao.

Ukijisikia vibaya

Weka vipimo viwili vya haraka vya Uviko-19 nyumbani kabla hujavihitaji, mahali pasipozidi nyuzi joto 30, na utazame tarehe ya mwisho. Kimoja kisipoonyesha kitu siku ya kwanza ya dalili hakikuhakikishii lolote. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilipendekeza mwaka 2022 kurudia baada ya saa 48, na kwa asiye na dalili kupima mara tatu, saa 48 kati ya kila kipimo. Soma majibu ndani ya dakika zilizoandikwa kwenye karatasi. Mstari unaojitokeza baadaye hauhesabiki. Wakati unangoja, usiende kazini wala kwa wazee, na ukilazimika kutoka, barakoa.

Wengi wenye Uviko-19 huambukiza kuanzia siku moja au mbili kabla ya dalili, na wachache hufika siku ya kumi. Homa ikiisha kwa saa 24 bila dawa na hali ikawa nzuri, unaweza kutoka, ila endelea na barakoa hadi siku kumi zitimie na ukae mbali na wenye kinga dhaifu. Mwili nao urudishe polepole: dakika kumi za kutembea kwenye tambarare, kesho yake ongeza tano kama hukuamka umechoka zaidi. Kifua kikibana, moyo ukienda mbio bila sababu au pumzi ikikatika ukiwa umeketi, usingoje kesho. Nenda hospitali.